Panadol ya saa kumi na mbili asubuhi

Mzazi anayempa mtoto Panadol saa kumi na mbili asubuhi, kisha akamvalisha sare, anajua anachofanya. Homa itashuka, mtoto atapita getini anacheka, na mwalimu hatagundua kitu hadi mapumziko ya saa nne, dawa inapoanza kuisha nguvu. Kufikia hapo ameshabanana dawatini na wenzake asubuhi nzima. Walimu wa hapa Dodoma wanaujua mchezo huu, na lawama huwa za akina mama. Mimi nasita.

Mama anayepanga nyanya Soko la Majengo asipofika, siku hiyo hana kitu. Chumba alichopanga hakina bibi wa kubaki na mgonjwa. Tangu serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, mji umejaa familia ambazo bibi yuko Mbeya au Kagera. Mwenye ajira ana nafuu kidogo: sheria ya ajira ya 2004 inampa angalau siku 4 za likizo yenye malipo mtoto akiugua. Siku nne! Tetekuwanga peke yake hutaka karibu wiki, mpaka malengelenge yote yakauke. Muuza nyanya hana hata hizo nne. Kwake, mtoto kubaki nyumbani ni kufungiwa mlango kwa nje, au kulala juu ya gunia chini ya meza sokoni. Darasani penye mwalimu ni afadhali, na hapo sina la kumbishia.

Ila wenzake darasani nao wana mama zao. Surua husafiri hewani na huanza kuambukiza siku 4 hivi kabla ya upele kutoka. Kuhara, pale penye bomba moja na foleni ndefu ya choo, hakuchagui. Macho mekundu tuliyaona mwanzoni mwa 2024.

Kosa la upande wa pili nalo lipo: kurudisha kila anayepiga chafya. Mwezi kama Julai, kwa upepo na vumbi letu, tungefunga shule. Kamasi, hata za kijani, si sababu. Mwenye mafua huanza kuambukiza kabla hajajijua, kwa hiyo kumfungia wiki nzima kunampotezea masomo bila kuwaokoa wengi. Mapunye yaliyoanza kutibiwa, aende. Malaria hairuki dawati kwa dawati. Huyo abaki kwa ajili yake mwenyewe, na apimwe kwanza.

Homa nisingeilegezea: abaki hadi zipite saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha. Kuhara na kutapika, siku 2 baada ya kukoma.

Najua muuza nyanya hataziweza saa hizo kila mara. Anaficha kwa sababu akisema ukweli atarudishwa naye. Godoro moja kwenye kona ya ofisi ya walimu, na namba yake ya simu nyuma ya daftari, vingemfanya aseme pale pale getini: mwanangu kaamka na homa, nipeni hadi saa nne niuze, nije nimchukue.