Eti Kanivali ihamishiwe Hyde Park

Kila mwaka Agosti ikielekea ukingoni, ikifika Kanivali ya Notting Hill, ile sherehe ya barabarani ya watu wa Karibi hapa London, grupu letu la Wabongo wa London hugeuka kituo cha polisi. Klipu ya kijana anakimbizwa. Klipu ya chupa zimetapakaa barabarani. Picha za nyumba za Notting Hill zimepigiliwa plaiwudi madirishani, utadhani kimbunga kinakuja. Safari hii akajitosa mzee wetu mmoja, mtu ninayemheshimu kweli, aliyenipokea mji huu na kunionyesha pa kununua unga wa ugali, akaandika: "Hawa watu wa visiwani wanatuaibisha weusi wote. Serikali iwapeleke Hyde Park wakachezee huko." Visiwani kwa maana ya Karibi, si Zanzibar. Vidole gumba vikamiminika. Mmoja akaitikia amina.

Shikamoo, mzee. Nakujibu hapa, maana kule admin ataniondoa na bado sijalipwa hela yangu ya mchezo wa upatu.

Hilo la Hyde Park, ile bustani kubwa ya katikati ya London, wala si lako. Wanasiasa wa huku wamelizungusha miaka na miaka, na lina sura ya busara: uwanja mpana, uzio, mageti, mabegi yanapekuliwa mlangoni, kila mtu anarudi kwake salama. Na kwa kuwa kuna geti, baada ya miaka miwili kutakuwa na tiketi. Na kwa kuwa kuna tiketi, kutakuwa na jukwaa la wakubwa wanaokunywa mvinyo chini ya turubai jeupe. Hongera, mtakuwa mmepata tamasha la muziki la kiangazi, kama yale mengine yote yanayofanyika humo humo Hyde Park. Kanivali mtakuwa mmeizika.

Tuulizane basi, kwa nini Notting Hill? Hizo nyumba nyeupe zenye nguzo mlangoni, zinazouzwa leo kwa mamilioni ya pauni, miaka ya 1950 zilikuwa zimekatwakatwa vyumba vya kulala familia nzima. Wenye nyumba wa aina ya Peter Rachman waliwapangisha watu wa Karibi kwa bei ya kuwakomoa, kwa sababu kwingineko mlangoni kulibandikwa karatasi kwamba mweusi hatakiwi. Mwishoni mwa Agosti 1958, makundi ya vijana wa kizungu yakaingia mitaa hiyo na vyuma na chupa za petroli kuwasaka weusi, usiku baada ya usiku. Mei 1959 wakamuua Kelso Cochrane, seremala kutoka Antigua, akiwa anatembea kurudi nyumbani. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani.

Katikati ya hayo ndipo akatokea Claudia Jones. Mzaliwa wa Trinidad, mkomunisti, Marekani walimfunga kisha mwaka 1955 wakamfukuza nchini mwao, akaja hapa akaanzisha gazeti kule Brixton. Jibu lake kwa zile ghasia likawa kanivali, Januari 1959, katika ukumbi wa St Pancras, na BBC wakairusha. Sehemu ya mapato ya kijitabu cha programu ya siku ile ilitengwa kuwalipia faini vijana waliokamatwa kwenye ghasia, weusi na weupe. Isome tena hiyo, mzee: na weupe.

Najua utanidaka hapo hapo: kumbe ilianzia ukumbini! Ilianzia ukumbini, nakubali. Ilikuwa Januari. Januari ya hapa unaijua, wewe unayevaa sweta mbili hadi mwezi wa tano.

Barabarani ilitoka mwaka 1966. Rhaune Laslett, mfanyakazi wa jamii wa mtaa ule, aliandaa sikukuu ya watoto wa kila rangi, akamwalika Russell Henderson na wenzake wenye zile ngoma za mapipa ya chuma za Trinidad wanazozining'iniza shingoni. Henderson alipoona shughuli inapoa, akaamua watembee. Hakukuwa na ramani wala njia iliyopangwa. Wakaanza kutembea huku wanapiga, watu wakatoka majumbani wakawafuata. Mitaa ambayo miaka minane nyuma mweusi alikuwa anaipita mbio, akaipita anacheza. Ndiyo Kanivali hiyo. Mavazi ya manyoya na kuku wa Kijamaika wa kuchoma kwenye mapipa vilikuja kama nyongeza, ingawa yule kuku ni nyongeza ya nguvu.

Sasa niambie, Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya ya Zanzibar, utautoa Makunduchi uupeleke uwanja wa Amaan kwa sababu wenye mahoteli wanalalamikia moshi wa kile kibanda kinachochomwa, na watu wanaopigana kwa migomba wanaweza kuumizana? Wazee wa Makunduchi wangekutazama tu.

Walio wengi kati ya wale wa mwanzo hawakai tena Notting Hill. Kodi ya pango iliwahamisha kimya kimya, kazi ambayo zile chupa za petroli zilishindwa kuifanya. Wajukuu wao wanatoka pembe za mbali za London, siku mbili kwa mwaka, kusimama barabara ya babu. Na waliobakia wako jirani na mnara wa makazi wa Grenfell, ulioteketea Juni 2017 ukaua watu 72. Kwa kuwakumbuka, Kanivali husimama saa tisa alasiri kwa sekunde 72. Nimekuwapo. Nilikuwa karibu na spika zile zinazokutikisa mbavu, mtu wa mitambo akashusha mkono taratibu, mtaa mzima ukatulia. Ikabaki jenereta inanguruma na mtoto mmoja mabegani kwa baba yake anauliza kwa sauti muziki umeenda wapi. Ukikaa kimya Hyde Park unakuwa unamkumbuka nani?

Haya, na ubaya nao niuseme kabla hujautuma tena. Nyomi inatisha. Kuna vichochoro unafika hata mkono hauinuki, na siku moja watu watakanyagana kama wahusika hawajasikiliza. Mwaka 2024 watu wawili walipoteza maisha baada ya kushambuliwa, mmoja mama aliyechomwa kisu siku ya familia, mbele ya mtoto wake mdogo. Sina utetezi wa hilo na sitautafuta. Lakini dawa yake ni hela na mpango: mwaka 2025 halmashauri na jiji walitoa pauni 958,000 za usalama baada ya waandaaji kusema bila hizo huenda isifanyike. Kuhusu waliokamatwa, gawanya kwanza idadi yao kwa umati wote.

Kuhusu wakazi, nawaonea huruma, kiasi. Kuna nyumba ina bango la kupinga kelele dirishani ghorofani, na chini mlangoni kuna katoni iliyoandikwa kwa kalamu nene: choo, pauni tano. Foleni ilifika kwa jirani.

Ila kilichoniuma hasa ni lile neno "wanatuaibisha". Mzee, wewe ulifika hapa ukapangisha chumba na hakuna karatasi mlangoni iliyokukataa. Sheria ya kwanza ya kuzuia ubaguzi wa rangi nchi hii ilipita mwaka 1965, ikapanuliwa 1968 iguse na nyumba, baada ya hao watu wa visiwani kupigwa, kuandamana na kuzika. Sisi tulikuta njia imeshafyekwa. Na polisi akikusimamisha usiku hakuulizi kwanza kama ni wa Kingston au wa Kigoma.

Kwa hiyo Jumapili njoo, ndiyo siku ya familia, na wajukuu uje nao. Usishukie Notting Hill Gate, utajuta. Jaribu Westbourne Park kama hawajaifunga, halafu fuata moshi. Mdogo mnunulie vizibo vya masikio. Na beba noti ya pauni tano, kile choo hawapokei kadi.