SES-10: Sifa Zimfikie na Mteja Aliyethubutu

Kila inapotajwa roketi inayorudi duniani na kutua wima, sifa zote humwendea Elon Musk na wahandisi wake wa SpaceX. Wanastahili. Lakini kwangu mimi, siku iliyo kubwa kuliko kutua kokote ni ile ambayo mteja mwenye mali ya thamani alikubali mali yake ipande juu ya roketi ya mtumba. Mteja huyo ni SES, kampuni ya setilaiti ya Luxembourg, na inanikera kwamba hatajwi inavyostahili.

Tazama mambo yalivyofuatana. Agosti 30, 2016, SES walitangaza kwamba setilaiti yao ya mawasiliano, SES-10, itarushwa na Falcon 9, roketi ya SpaceX, ambayo hatua yake ya kwanza, yaani sehemu ya chini inayoisukuma kutoka ardhini, imekwisha kuruka. Siku mbili baadaye, Septemba 1, Falcon 9 nyingine ililipuka Cape Canaveral ikiwa bado chini, inajazwa mafuta. Iliteketea pamoja na setilaiti ya Amos-6, ambayo Facebook walitegemea kuitumia kusambaza intaneti Afrika kusini mwa Sahara. Mark Zuckerberg siku hiyo alikuwa Nairobi.

Baada ya moto ule, nani angewalaumu SES kama wangedai roketi mpya? Setilaiti yenyewe ilikuwa na uzito wa kilo zaidi ya 5,200, imeundwa na Airbus, na kazi yake ni kuhudumia Amerika ya Kusini na ya Kati, Meksiko na Karibea kutoka kimo cha karibu kilomita 36,000. Ikipotea hakuna kuiokota, na wateja waliokuwa wakiingoja wangekaa miaka hadi nyingine iundwe. Hata hivyo SES walishikilia neno lao. Wahandisi wao walifuatilia ukaguzi, wakauliza maswali yao, wakaridhika. Huo siuiti ujasiri wa kubahatisha.

Machi 30, 2017, jioni ya Florida, huku kwetu saa saba usiku ikiwa imekwisha kupita, injini tisa za Merlin ziliwashwa. Hatua hiyo ya kwanza ilikuwa imepeleka mizigo kwa ajili ya Kituo cha Anga cha Kimataifa mwezi Aprili mwaka uliotangulia. Ilisukuma kwa dakika mbili na nusu hivi, ikaachana na hatua ya pili, ikageuka, ikawasha tena baadhi ya injini kupunguza kasi, ikatua juu ya tishari katikati ya Atlantiki. Nusu saa hivi baada ya kuruka, SES-10 iliachiliwa salama, ikaanza kujisogeza kwa injini yake hadi kwenye mzingo wake.

Tusitie chumvi, maana roketi hii hurudi nusu tu. Hatua ya pili hutumika mara moja ikapotea, na kila safari inahitaji mpya. Ila hatua ya kwanza ndiyo yenye injini nyingi na sehemu kubwa ya gharama. Kuitupa baharini kila mara ulikuwa ufujaji ambao dunia iliuzoea kwa miongo mingi. Nauli ya kwenda angani ni sehemu ya bei anayolipa kila anayekodi masafa ya setilaiti, kuanzia kituo cha televisheni hadi zahanati isiyofikiwa na mkongo. Ndiyo maana naona punguzo la nauli linalotokana na kutumia tena roketi haliwahusu matajiri wa Marekani peke yao, na kampuni za setilaiti zinapaswa kulifikisha kwa wateja wao badala ya kulihesabu kama faida tu.

SES hawakuishia kwenye jaribio moja. Oktoba 11, 2017, walipanda tena roketi iliyotumika, safari hii wakiwa na SES-11, na hatua ya kwanza iliyowabeba ilikuwa imeruka mara ya kwanza Februari mwaka huohuo.