Nyama ya Leo Si Steki ya Leo

Katika nyumba nyingi za Mwanza steki hupikwa kwa njia moja tu: huchemshwa kwa chumvi na tangawizi mpaka maji yakauke, kisha hukaangwa kwa vitunguu na pilipili hoho, na anayeuliza kwa nini ichemshwe kwanza hujibiwa kwamba ng'ombe wa kwetu ni mgumu. Sina ugomvi na chakula hicho. Nimekila na nitaendelea kukila. Ugomvi wangu uko kwenye lile jibu. Ninaamini kwamba sehemu kubwa ya ugumu tunaomsingizia ng'ombe tunautengeneza wenyewe kwa pupa, kwa sababu mnyama huchinjwa usiku, nyama yake ikatundikwa buchani alfajiri, na kabla ya adhuhuri imekwisha kuingia ama sufuriani ama ndani ya friza, ilhali ilikuwa bado haijawa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili.

Ng'ombe mwenyewe anastahili kutendewa haki. Wengi wa wanaoletwa mjini kutoka Misungwi, Magu, Kwimba na Shinyanga ni wale wa asili wenye nundu, wanaokula majani ya malishoni na kutembea mwendo mrefu kufuata maji, na wengine ni maksai waliovuta plau kwa misimu kadhaa. Mnyama wa namna hiyo hana mafuta mengi yaliyojipenyeza ndani ya msuli kama ng'ombe wa Marekani aliyenenepeshwa kwa mahindi, na kadiri umri wake unavyosogea ndivyo tishu zinazoshikilia nyuzi za misuli yake zinavyokaza. Ndiyo maana mafunzo ya upishi tunayoyatazama kwenye simu hutupotosha: mpishi anayeonyeshwa pale ana nyama iliyojaa mafuta na iliyokaa kwenye baridi kwa wiki mbili au tatu, nasi tunaiga dakika zake kwa nyama iliyokuwa ikitembea jana jioni. Wapo pia ng'ombe wa kunenepeshwa kwa mashudu na makapi ya mbegu za pamba, ambao kanda hii ya pamba inawamudu vizuri, na mwenye bucha mwaminifu atakuambia siku anayowapata. Inafaa kumuuliza.

Kazi ya kwanza, basi, hufanyika buchani. Ukisema unataka kilo ya steki bila kufafanua, utakatiwa nyama yoyote isiyo na mfupa, mara nyingi ya paja, na panga litaigeuza kuwa vipande vya mchuzi juu ya gogo kabla hujamaliza kuhesabu pesa. Ni afadhali kufika mapema, kuutazama muhuri wa mkaguzi kwenye nyama iliyotundikwa, kisha kusema kwa upole: "Kaka, naomba sarara, kipande kizima, usikikate." Sarara ni ile nyama ndefu ya mgongoni. Fileti, iliyo upande wa ndani wa uti wa mgongo, ni laini kupita zote, lakini kwa ulimi wangu haina ladha inayolingana na sifa zake, na hupatikana kidogo sana kwa kila mnyama. Kati ya hizo mbili ninachagua sarara bila kufikiri mara mbili.

Sababu ya kuomba kipande kizima ni hii. Mnyama akifa, misuli yake huishiwa nguvu iliyokuwa ikiifanya ilegee, hivyo hujikaza, na kwa ng'ombe mkazo huo hufika kileleni ndani ya takriban saa 12 hadi 24. Baadaye vimeng'enya vilivyomo ndani ya nyama yenyewe huanza kukatakata protini zinazoshikilia nyuzi, taratibu, siku baada ya siku, na hapo ndipo ulaini unapozaliwa. Nyama inayopikwa mchana wa siku ya kuchinjwa inapikwa katikati ya mkazo. Inayotupwa kwenye friza ikiwa bado na joto la mwili ina hatari mbaya zaidi: baridi kali ikiikuta misuli kabla haijamaliza kujikaza, nyuzi hujikunja kupita kiasi, na siku barafu inapoyeyuka hujikunja tena na kumwaga maji mengi. Hakuna kikaango kinachoweza kurekebisha hilo. Kipande kikubwa hupoa polepole kuliko vipande vidogo, kwa hiyo hukwepa sehemu ya madhara hayo, mradi kiwekwe kwenye friji ya kawaida badala ya friza.

Mimi hukiacha humo siku tatu, juu ya wavu mdogo uliowekwa kwenye sinia, rafu ya chini kabisa ili kisidondokee chakula kingine, bila kukifunga kwenye mfuko wa plastiki, maana mfuko hufungia unyevu na unyevu huleta utelezi. Ngozi ya nje hukauka na kuwa nyeusi kidogo. Hiyo ni faida, kama nitakavyoeleza. Masharti ni mawili. Friji iwe na baridi ya nyuzi 0 hadi 4, na umeme uwe wa kutegemewa, kwa sababu nyama iliyopata joto saa kadhaa usiku wa kukatika umeme haifai kusubirishwa tena. Siku hiyo chemsha na usahau habari ya steki. Jambo jingine, ambalo mkazi wa mji huu hana budi kulifikiria: usiiache wazi kwenye friji yenye sangara. Nyama hunyonya harufu, na kilo mbili za sarara yenye harufu ya samaki ni hasara isiyo na mfariji.

Tukifika jikoni, njia ninayoipenda kuliko zote ni kikaango kizito cha chuma, nyama iliyokatwa kwa unene wa vidole viwili, na moto mkali. Ladha tunayoitafuta hutokana na mabadiliko ambayo mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliyaeleza mwaka 1912: protini na sukari zilizo juu ya nyama huungana kwenye joto kali, kiasi cha nyuzi 140 na kuendelea, na kutoa ule wekundu wa kahawia na harufu inayowatoa watoto chumbani. Maji hayawezi kufika joto hilo. Hapa kwetu hayafiki hata 100, kwa sababu uso wa ziwa wenyewe uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Nyama yenye maji juu yake, au iliyosongamana kikaangoni mpaka ikatoa maji, haikaangwi bali hupikwa kwa mvuke, nayo hutoka ya kijivu kama sabuni ya kufulia. Ndiyo sababu ule ukavu wa siku tatu ni faida, na ndiyo sababu steki haioshwi dakika ya mwisho. Kama ni lazima kuiosha, ioshwe mapema na ikaushwe kwa kitambaa safi.

Chumvi huwekwa ama dakika 40 au zaidi kabla ya kupika, ili maji inayoyavuta yapate muda wa kurudi ndani, ama papo hapo nyama inapoingia motoni. Katikati ya nyakati hizo mbili uso huwa umelowa. Mafuta yawe yanayostahimili moto: samli nzuri ya Usukuma ni bora kuliko siagi, ambayo huungua upesi, na mafuta ya alizeti yaliyosafishwa yanafaa, lakini yale ya kukamuliwa mtaani bila kusafishwa hutoa moshi mapema na kuacha uchungu. Kikaango kipate moto mpaka mafuta yaanze kutoa moshi mwembamba, steki iingie, kisha igeuzwe kila dakika moja. Najua wapo wanaoapa kwamba hugeuzwa mara moja tu. Kuigeuza mara kwa mara huifanya iive kwa usawa bila tabaka nene la nyama iliyokauka karibu na uso, na kwa unene niliotaja dakika nane hadi kumi zinatosha. Wapo pia wanaosema kwamba moto mkali wa mwanzo huziba vitundu ili maji yasitoke. Dhana hiyo ilienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig katika karne ya 19, na si sahihi. Mlio unaousikia kikaangoni ni wa maji yanayotoka. Tunaunguza uso kwa ajili ya ladha tu.

Jiko la gesi la plate mbili ndogo lina udhaifu mmoja: kikaango kikipoa kwa sababu ya nyama, huchelewa kurudisha moto. Weka steki moja au mbili kwa wakati. Mwenye jiko la mkaa ana nguvu zaidi, na anaweza kuweka kikaango juu ya makaa au kubanika moja kwa moja kwenye wavu. Kosa la kawaida la kubanika ni kutandaza makaa jiko zima. Yasogeze upande mmoja, steki ianze upande wenye moto mkali kiasi kwamba mkono hauwezi kukaa juu yake zaidi ya sekunde tatu, kisha imalizie upande usio na makaa. Mafuta yanayodondoka yakiwaka, iondoe. Ule moshi mweusi unaacha ladha ya masizi, tofauti kabisa na harufu ya mkaa. Na mkaa uwe nje au kibarazani penye upepo, kamwe usiwe ndani ya chumba kilichofungwa.

Njia ya tatu inafaa kwa kipande kinene, na sisi tuna kifaa chake tayari ingawa hatukitumii kwa nyama: sufuria ya kuokea keki, yenye makaa machache chini na machache juu ya mfuniko. Weka steki nene juu ya kiwavu ndani yake, kwa moto wa chini sana, mpaka ndani ipate joto la wastani, kisha iunguze uso kwa dakika mbili kwenye kikaango. Upande wa ndani huwa na rangi moja toka ukingo mpaka ukingo. Mwenye oveni aiweke kwenye nyuzi 120 na afanye vivyo hivyo bila kupuliza makaa. Ile njia nyingine ya kufunga nyama kwenye mfuko usio na hewa na kuizamisha kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa nyingi, iliyoanzia kwenye mikahawa ya Ufaransa miaka ya 1970, inahitaji kifaa cha kushikilia joto bila kuyumba, nami sioni haja yake nyumbani.

Kuchemsha nako kuna mahali pake. Shingo, muundi na sehemu kubwa ya paja zimejaa kolajeni, ile protini ngumu ya tishu zinazoshikilia nyuzi, ambayo hugeuka kuwa ule ulaini wa kunatanata baada tu ya kukaa kwenye moto wa polepole kwa saa mbili au tatu, na kwa kuwa maji yetu huchemka kwenye joto la chini kidogo, muda huo huongezeka. Hiyo ni nyama ya mchuzi, tena ya mchuzi mzuri sana. Sarara haina cha kuyeyusha. Ukiichemsha, nyuzi zake hukamuliwa maji na kubaki kama kamba. Mpishi wa Kirumba ambaye hawezi kumwacha sato motoni nusu saa nzima huiacha sarara saa moja na nusu, na sijapata kuelewa kwa nini.

Kuhusu papai bichi la kulainishia nyama, linafanya kazi: kimeng'enya chake hukata protini kwelikweli. Ila hufanya kazi juu juu, na likiachwa usiku kucha uso wa nyama huwa kama uji huku ndani pakiwa vilevile. Nusu saa inatosha kwa steki nyembamba. Ndimu na kitunguu swaumu ninavitumia kwa ladha, baada ya kupika, maana kitunguu swaumu huungua kabla steki haijaiva.

Suala la kiwango cha kuiva huleta mabishano mezani. Maji mekundu yanayotoka kwenye steki si damu; ni maji yenye mayoglobini, protini inayoupa msuli rangi. Hata hivyo siwashauri watu wa kwetu waile mbichi kama inavyoliwa Ulaya, kwa sababu tegu wa ng'ombe bado yupo, na ukaguzi wa machinjioni, kwa umuhimu wake wote, hauoni kila kifuko cha mabuu. Joto la nyuzi 63 katikati ya nyama, likifuatwa na dakika tatu za kupumzika, ndicho kiwango kinachopendekezwa kwa kipande kizima, na kwenye kiwango hicho steki bado ina waridi hafifu na majimaji ya kutosha. Kipimajoto kidogo cha nyama huondoa ubishi wote. Nyama ya kusaga ni habari nyingine. Hiyo iive hadi nyuzi 71.

Ikitoka motoni ipumzike dakika tano juu ya ubao, kisha ikatwe vipande vyembamba kwa kukingama na nyuzi, wala si kuzifuata. Kwa ng'ombe wa malishoni hatua hiyo peke yake hupunguza nusu ya kazi ya meno. Kikaango kisioshwe bado. Mimina maji kidogo, kwangua yale mabaki ya kahawia yaliyogandia chini, ongeza pilipili manga na ndimu, uache yapungue mpaka yawe mazito. Mchuzi huo na ugali wa muhogo unatosha watu wanne. Wageni wakizidi hapo kikaango kimoja hakifai tena, nami huwasha mkaa.