Wasanifu wa apu, rangi mmeziweza, sasa mtazameni mtu akibonyeza

Jumamosi shangazi yangu alijiwekea akiba mara mbili kwa mpigo. Alibonyeza "Tuma" kwenye apu ya chama chao, apu ikanyamaza. Hakuna kiduara kinachozunguka, hakuna "subiri". Akabonyeza tena. Elfu tatu zikawa elfu sita, na alipopiga simu kulalamika akaambiwa kosa ni lake. Lake!

Mfumo umwambie mtu unachofanya: hiyo ndiyo ya kwanza katika zile kanuni kumi za usanifu za mtaalamu Jakob Nielsen, za 1994. Huenda aliyeunda apu ile hakuwa amezaliwa.

Halafu mwezi jana nikaalikwa kutazama kazi za wanafunzi wa usanifu wa apu, huko Ngong Road. Kijana mmoja akatuonyesha apu ya kuagizia mboga. Mchoro wa Figma, ile programu ya kuchorea apu, safi, vivuli, kijani cha sukuma wiki kabisa. Nani ameijaribu? "Wenzangu darasani."

Tukavuka barabara hadi kwa mama mboga. Nikamwomba kijana jambo moja tu, anyamaze. Mama alikuwa anakatakata sukuma. Akaipokea simu kwa mkono wa kushoto, kisu bado kiko kulia. Kitufe cha kuendelea kilikuwa juu kabisa pembeni, kidogo kama mbegu ya pilipili. Kidole gumba kikanyooka, kikateleza kwa maji, kikafungua kitu kingine. "Hapo juu, mama..." Nikamkanyaga kijana mguu. Mama akarudisha simu: "Hii ni ya mtu asiye na kazi."

Kitufe kidogo kilicho mbali humchelewesha mtu. Mwanasaikolojia Paul Fitts alilipima hilo 1954. Na kijana fomula ya Fitts alikuwa ameikariri! Mtihani alipita.

Usiku huo akachora upya kwa kalamu, karatasi nne, vitufe vinono chini. Nielsen anasema watu watano wakiijaribu apu hufichua matatizo yake mengi. Watano, jamani! Pale Marikiti utawapata kabla chai haijapoa.

Haya, Figma mjifunze, waajiri wanaiulizia. Na si kwamba hapa kwetu hatujui: M-Pesa ya 2007 ilitumika hata kwenye mulika mwizi, zile simu ndogo za tochi, na siku hizi jina la mpokeaji hutokea kabla pesa hazijaondoka. Kuna mtu aliketi akafikiria vidole vyetu vinavyokosea.

Shangazi bado anangoja elfu tatu zake. Jana apu ilisasishwa. Nembo mpya.