Marufuku ya kuchoma taka inalala saa kumi na mbili?
Kuchoma taka uani ni marufuku, tangazo limebandikwa kila kona ya huu mji mdogo. Lakini ofisi zikifungwa tu, viberiti vinatoka! Na jioni ndiyo mbaya zaidi: hewa ya chini imeshapoa, moshi haupandi, unatambaa hadi vyumbani walikolala watoto. Majani mabichi hayawaki, yanafuka usiku kucha. Halafu mtu anatupia na plastiki, ambayo ikiungua kwenye moto hafifu inaweza kutoa dioksini, sumu inayosababisha saratani. Mwenye pumu afanye nini, ahame? Majani yafukieni yawe mboji, jamani. Na mkaguzi apite jioni, si asubuhi kuja kutazama majivu.