Kijembe: maji au mafuta ya taa?

Akutukanaye hakuchagulii tusi. Jibu, hilo unajichagulia mwenyewe, na hapa Lamu mwenye jibu la papara huhesabiwa kashindwa.

Juzi barazani Mkunguni, mbele ya ngome, kijana alimtupia nahodha mstaafu maneno: "Mzee, bahari imekushinda, umebaki na hadithi." Mzee akatabasamu. "Kweli, mwanangu. Nilipomvusha babako Manda alitapika njia nzima. Alhamdulillahi, kazaa baharia." Kuvuka Manda, kwa asiyejua, ni dakika chache tu. Baraza likaangua kicheko, kijana naye akacheka, kahawa ikaendelea kumiminwa.

Wanaosifu majibu ya aina hii wana hoja. Vichochoro vyetu, punda wawili wakikutana mmoja hana budi kungoja. Uliyegombana naye jana utapigana naye bega leo. Afadhali maneno yenye kicheko ndani yake, yanayomwachia hata mkosaji pa kutokea.

Ila si kila kijembe kina kicheko. Mwanamke akijifunga leso yenye jina "Hasidi hana sababu" akapita mlangoni kwa jirani, jirani atajibu nini? Akilalamika ataulizwa, kwani umetajwa? Tusi la wazi huitishiwa wazee likasuluhishwa. La leso halina mwenyewe, kwa hiyo halina mwisho. Nimeona majirani wakivaliana leso hadi watoto wao wakaacha kusalimiana.

Na tusidanganyane kuhusu ufasaha. Kabla ya vita vya Shela, takriban mwaka 1813, Lamu na Mombasa zilirushiana mashairi: kwao Muyaka bin Haji, kwetu Bwana Zahidi Mgumi. Ufundi wa beti zile unasifiwa hadi leo. Vita vikapiganwa vile vile, watu wakafia mchangani. Sisemi beti ndizo zilizovileta, ugomvi ulikuwa wa mamlaka; lakini ukishamcheka mtu kwa vina na mizani, ni vigumu kesho kumwomba suluhu.

Mimi kijembe nakipenda, kikiwa cha uso kwa uso, baina ya watu wanaotoshana ulimi. Mtoto anayedhihakiwa shuleni hana ubeti wa kujibia, na kumwambia atumie hekima ni kumtwika kosa la mwenzake.

Hata nahodha wetu hakusalimika. Kicheko kilimfikia baba mtu, ambaye hakuwapo wala hakumkosea yeyote. Kesho yake, baada ya alasiri, mzee alikwenda kwake kumtaka radhi. Safari hii hakutia fumbo.