Chuma Chakavu Kina Maringo

Chuma kikishastaafu huwa na maringo kuliko kilivyokuwa kazini. Nawaambia mimi ninayeishi navyo.

Chukua bolti. Bolti nene, nzito, imefunga mashine miaka na miaka bila kulalamika. Mashine imekufa, bolti imebaki, nami nahitaji vizuizi vya kuchomeka kwenye meza ya useremala ili ubao usinikimbie ninapopiga randa. Kazi rahisi, si ndiyo? Thubutu! Matundu ya meza hizi kwa kawaida ni milimita 19 au 20. Bolti zangu ni za 16. Ukiichomeka inacheza humo ndani utadhani imealikwa harusini. Basi naivalisha kipande cha tyubu ya baiskeli, inatulia. Nikidhani tumemalizana, nakumbuka kwamba kichwa chake ni chuma na kisu cha randa ni chuma, na siku vitakapokutana atakayelia ni kisu, yaani mimi niliyekinoa. Kwa hiyo kila bolti nikaichongea kofia ya mbao ngumu.

Mke wangu akaja, akatazama mbao juu, mpira chini, akauliza: "Baba nanii, bolti humo ndani inafanya nini?"

Kuna maswali ambayo mtu hapaswi kuulizwa nyumbani kwake.

Jeki nayo! Ile ya skrubu, ya kunyanyulia gari. Nimeifunga ubavuni mwa meza iwe jiliwa, kibano cha kushikia ubao. Kubana inabana, ukizidisha hata mbao inatoa machozi. Shida ni kuachia. Jeki maisha yake yote imesukuma tu, kuvuta hakuna aliyewahi kuifundisha. Unailegeza, yenyewe inarudi, lakini taya la mbao linabaki palepale limekumbatia ubao. Ikabidi nitafute springi ya mlango chakavu ilivute taya. Sasa linarudi kwa kasi na kishindo, na kila anayeingia karakana naanza kwa kumwambia aweke vidole mfukoni.

Lakini bingwa wa maringo ni tupa. Tupa kuukuu, meno yamekwisha, unasema uinoe iwe patasi. Tupa ni ngumu kweli, ila ugumu wake ni wa kioo: igonge kwa nyundo uone vipande vinavyoruka, na miwani huna. Lazima kwanza uipunguze ukali wa tabia kwa moto wa wastani, nyuzi 200 na kidogo, mpaka pale ulipopasugua pakang'aa pageuke rangi ya majani makavu. Ukipitiliza ikawa bluu, imelegea, patasi hiyo itakata siagi. Na wakati wa kuinoa kwenye jiwe la umeme unaichovya majini kila mara, maana ikipata joto kazi yote inaharibika upya. Sasa niambieni, nyuzi 200 za uhakika mtu anazipata wapi kama si kwenye oveni ya jikoni? Tupa niliiosha mafuta vizuri, nikaipanga kwenye trei kwa heshima zote. Aliyefungua oveni alitarajia keki. Tangu hapo oveni ina ulinzi kuliko benki.

Msumeno mkongwe peke yake ndio uliostaafu kwa adabu. Unakata bapa lake kipande cha kuenea viganjani kiwe kikwaruzo, kibapa cha kukwangulia mbao, unanyoosha kingo kwa tupa (nzima, siyo ile), unazilainisha kwenye jiwe, kisha unapitisha shina la valvu ya injini kwa kuinamisha kidogo. Shina lile ni gumu na laini, linaukunja ukingo ukawa kijindoano ambacho jicho halikioni ila kidole kinakisikia. Kwangua nacho mbao yenye nyuzi korofi, ile inayochanika kwa randa: yanatoka maranda membamba, unayapuliza yanapaa. Hapo sina neno.

Neno ninalo na majirani. Wameona kikwaruzo, wakahitimisha kwamba kila takataka yao ina mustakabali kwangu. "Fundi, nimekuletea zawadi!" Zawadi yenyewe beringi isiyozunguka. Mwingine bawaba, upande mmoja. Mwingine mota ya feni iliyoungua, na anasubiri mlangoni aone nitaigeuza nini. Nikikataa naambiwa najisikia.

Na yule aliyenipa msumeno alipita juzi. Ana mti umemwangukia ua, anauliza kama ule msumeno wake bado upo. Nikamwambia upo. Nikamwonyesha kikwaruzo. Akakigeuza, akanitazama, akauliza ulipo uliobaki. Nikamwonyesha vikwaruzo vingine vitatu na mpini, ambao sasa ni mpini wa droo.

Anataka msumeno. Nimempa valvu, kakataa.